Mwiko wa Behewa la Saba

Kosa lilikuwa langu, na ninalieleza mapema ili lisije likamwangukia mtu mwingine.

Jumanne ile ya mwezi wa sita mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa stooni kwangu, mtaa wa Xiaobei, nikifunga mizigo ya mteja wa Mwanza, simu ikaita. Alikuwa Kuluthumu, binti wa Lindi anayesomea uzamili wa uhandisi wa maji katika chuo kimoja hapa Guangzhou. Alikuwa ndani ya treni akitokea Guiyang, na treni ilikuwa imesimama.

"Kaka Theo, tuko stesheni inaitwa Huaiji. Wanasema udongo umeporomokea reli huko mbele. Hakuna anayejua tutaondoka saa ngapi."

"Sasa hivi ni saa tano na nusu. Kamati yako inakaa saa ngapi?"

"Saa tisa."

Mara moja kwa mwaka mwanafunzi wa ufadhili husimama mbele ya kamati kwa dakika kumi na tano, akaeleza amefanya nini. Asiyesimama hukatiwa ufadhili kuanzia mwezi wa tisa, na asiye na ufadhili hana chumba wala kibali cha kukaa. Kuluthumu alikuwa amekwenda Guiyang kumuaga Loyce, dada aliyempokea alipofika China mara ya kwanza, ambaye sasa alikuwa amehitimu na anarudi nyumbani. Alitaka kurudi Jumatatu akakuta tiketi zimekwisha. Mtu anayekwenda kumuaga aliyempokea, mimi siwezi kumlaumu.

"Kaka, kuna mhudumu anapita na karatasi," akasema. "Anaandika majina na namba za pasipoti. Watu wanajiandikisha. Nami nijiandikishe?"

Nyuma ya sauti yake nilimsikia mhudumu akitangaza jambo la kurudishiwa nauli. Nikatosheka na hilo. "Jiandikishe, mdogo wangu," nikamwambia. "Hiyo ni fidia ya kuchelewa."

Sikumwambia aulize. Naye hakuuliza. Kwetu orodha ikipita, mtu huandika jina kwanza, maswali baadaye. Ndivyo tulivyolelewa. Orodha ya mbolea, orodha ya vyandarua, orodha ya abiria wa basi lililokufa njiani: anayesimama kuuliza ni ya nini huambiwa nafasi zimejaa. Kuluthumu akaandika jina lake, akasaini, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Muda si mrefu simu yake ikazima. Chaja alikuwa ameisahau kwa Loyce.

Treni iliondoka Huaiji saa kumi na nusu jioni, ikafika Guangzhou Kusini saa kumi na mbili. Watu walikuwa wengi mno hata wafanyakazi wakafungua mageti kwa mkono na kuwaachia abiria wapite bila kukagua tiketi. Kamati ilikuwa imeshavunja kikao saa moja iliyopita.

Jumatano asubuhi Kuluthumu alikwenda kwa Mwalimu Ou, msimamizi wa wanafunzi wa kigeni, akamwonyesha kwenye simu jinsi treni ile ilivyochelewa.

"Hii inaonyesha kwamba treni ilichelewa," Mwalimu Ou alimwambia. "Haionyeshi kwamba wewe ulikuwa ndani yake. Kamati itakaa tena Jumatatu, kwa wenye sababu tu. Niletee karatasi ya kuchelewa kutoka stesheni, yenye jina lako na muhuri mwekundu. Mwisho Ijumaa, saa kumi na moja."

Kuluthumu alinieleza haya akiwa ameketi juu ya robota. "Wenzangu wanasema nidai pesa. Mimi pesa sitaki, kaka. Fidia yangu ni zile dakika kumi na tano."

Nikamwambia karatasi ya kuchelewa hutolewa kila siku, ni jambo la dakika mbili. Niko hapa mwaka wa tisa. Kichina sikufundishwa darasani. Nilikipata kwa kunakili mabango ya madukani kwenye daftari na kuuliza maana yake moja moja. Tangu hapo Waswahili wa Xiaobei huniletea fomu zao, nami huzijaza. Nilikuwa nimezoea kuaminiwa.

Alhamisi tukaenda Guangzhou Kusini. Kwenye dirisha la huduma alikuwapo bwana mmoja wa makamo, mwenye miwani na kikombe kikubwa cha chai. Alichukua pasipoti ya Kuluthumu, akabofya, akatazama kioo cha kompyuta, akabofya tena. Kisha akakigeuzia kioo upande wetu ili tusome wenyewe. Namshukuru kwa hilo, kwa kuwa wengi husema tu "meiyou", yaani hakuna, wakamwita anayefuata.

Nilisoma polepole, neno kwa neno. Abiria huyu alishuka Huaiji, saa tano na dakika arobaini. Nauli ya sehemu iliyobaki amerudishiwa. Safari imekwisha.

"Lakini sikushuka!" Kuluthumu akasema.

"Ulisaini orodha ya wanaoshuka," yule bwana akajibu bila ukali. "Walioandika majina waliondoka na mabasi, au walipokewa na ndugu zao."

Nilihisi masikio yakipata moto. Nauli ilirudishwa kweli, niliyoyasikia yalikuwa sahihi. Ila ilirudishwa kwa wanaoacha safari, na mimi ndiye niliyemwambia asaini.

"Mdogo wangu, nimekuharibia," nikasema.

"Kaka Theo, kalamu nilishika mimi."

"Nilikuambia ni fidia."

"Na mimi nina mdomo. Ningeuliza." Akamgeukia yule bwana, akamwuliza kwa Kichina chake cha darasani, kilicho kizuri kuliko changu: "Nifanye nini ili uamini kwamba nilifika na treni ile?"

Bwana alifikiri. Kamera zipo, akasema, lakini ziko chini ya polisi, na maombi huchukua wiki kadhaa. Jirani wa kiti? Kuluthumu akasema jirani yake alishuka Huaiji. Picha? Simu ilikuwa imezima. Alinunua kitu ndani? Angelipa kwa simu ipi?

"Basi nitafutieni kitu chochote kinachoonyesha ulikuwa ndani baada ya Huaiji," akasema. "Kitu chochote chenye saa. Kesho nipo mpaka saa kumi na mbili."

Tulirudi Xiaobei kwa metro. Stooni tulimkuta Henriette anatusubiri, kakalia sanduku la sampuli. Henriette ni mama wa Lubumbashi anayenunua mikoba kwenye mji wa Shiling na kuisafirisha kwao; mizigo yake ninaifunga mimi. Siku ile alikuwa ametoka Shiling kwa basi, viatu vina matope, na alikuwa na jambo lake.

"Papa Théo, bonjour. Na wewe, mtoto, bonjour. Mwiko yangu iko wapi?"

Kuluthumu akajifunika uso kwa mikono.

Hapo ndipo nami nilipojua. Wiki iliyopita alikuwa ameazima mwiko wa Henriette aende nao Guiyang, ili Loyce aagwe kwa ugali, ambao Henriette huuita bukari, uliosongwa vizuri. Ni mwiko mkubwa, mrefu kama mkono wa mtu mzima, mpana mbele, wa mti mweusi mgumu.

"Mama Henriette, niliusahau ndani ya treni," Kuluthumu akasema. "Niliuweka juu, pale pa mizigo. Tulipofika nilikuwa nawaza kamati tu."

"Ulienda kuuliza?"

"Niliona haya. Ningesimama mbele ya watu niseme natafuta mwiko?"

"Haya!" Henriette akanigeukia mimi kama hakimu. "Papa Théo, unamsikia? Anaona haya ya mwiko! Mwiko ya mama yangu! Ilipanda ndege Lubumbashi, ikapita Addis, ikafika hapa bila hata mukwaruzo. Sasa samedi, kesho kutwa, nitasonga bukari na nini? Na kalamu yake?"

"Nitakununulia mwingine, mama."

"Wapi? Ya Chine hii ya plastiki? Ukiingiza ndani ya bukari inapinda shingo kama mulevi."

Kuluthumu, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametabasamu, akacheka, halafu kicheko kikageuka machozi. Henriette akashtuka. Akaniuliza mtoto huyu ana nini, nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Alisikiliza hadi mwisho, akamvuta Kuluthumu akamkalisha kando yake juu ya sanduku la sampuli.

"Acha kulia. Kama mwiko ilifika, watu wa treni wameiandika. Wachina banaandika kila kitu. Kesho tunaenda wote watatu. Mwiko yangu itasema ulikuwa wapi."

Sikuona jinsi mwiko ungesema. Lakini nilikuwa nimekwisha kutoa ushauri wangu mmoja wiki ile, na safari hii nikaona nifuate wa mwingine.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikuwa kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea. Ni chumba kidogo upande wa kutokea, chenye rafu hadi darini: miavuli, chupa za chai, kiatu kimoja cha mtoto, gitaa, meno ya bandia ndani ya mfuko ulioandikwa tarehe. Aliyekuwapo ni mama mmoja aliyekaribia kustaafu, kibandiko kifuani kikisema Liang.

"Bi Liang," nikaanza, "tunatafuta kifaa cha mbao. Treni ya Jumanne kutoka Guiyang, iliyochelewa."

Akafungua daftari lake, akashuka na kidole. Kidole kikasimama. "Behewa la saba, juu ya kiti 12F. Kasia dogo la mbao, moja."

"Siyo kasia," Kuluthumu akasema.

"Si kasia?" Bi Liang akainama chini ya meza, akainuka na mwiko kaushika kwa mikono miwili. "Mimi nilisema ni la mtoto wa timu ya mashua. Si ndio wakati wake? Nikamwambia mwenzangu, mtoto huyo atashindanaje bila kasia!"

Mwezi ule ulikuwa wa mashindano ya mashua za joka, na mto mzima ulikuwa umejaa ngoma na makasia. Kwa kweli, ukiutazama mwiko ule kwa jicho la Guangzhou, Bi Liang hakukosea sana.

Henriette alishindwa kuvumilia. Akauchukua mwiko, akapanua miguu, akasonga bukari hewani katikati ya ofisi, akiguna kila anapogeuza, akapangusa jasho lisilokuwepo. Bi Liang alicheka mpaka akavua miwani.

"Hata sisi uji wa mchele huukoroga," akasema. "Lakini si kwa vita hivyo."

Alipotulia akanipa daftari nisaini kuupokea mwiko. Nikamwomba kwanza anisikilize. Nikamweleza kuhusu kamati, orodha ya Huaiji, na saa kumi na moja ya siku ileile. Sikuficha kwamba aliyemwambia binti asaini ni mimi.

Bi Liang aliutazama mwiko, akatikisa kichwa taratibu. "Mwiko ulifika, hilo naweza kuliandika. Lakini mwiko hauna pasipoti. Watasema mwenyewe alishuka Huaiji akausahau."

Alisema kweli. Henriette alipotafsiriwa hayo, akakaa.

Nikadhani mambo yameishia hapo. Lakini Bi Liang hakulifunga daftari lake. Alisoma mstari ule tena, akasema, "Hapa pana jina la aliyeuokota. Wei, mhudumu wa behewa la saba. Mwacheni nimuulize." Hakuna aliyemwomba. Akapiga simu, akaweka sauti juu, nasi tukainama juu ya meza ile kama watu wanaoota moto.

"Wei, kasia lako limepata mwenyewe."

"Msichana mwenye kitambaa cha kijani?" sauti ikajibu mara moja. "Kapanda nalo kalikumbatia pale Guiyang! Mwambie nimefurahi. Nilikuwa nawaza kama alikula alipofika."

"Unamkumbuka? Baada ya Huaiji alikuwa ndani?"

"Shangazi, alikuwa ndani! Tulipoondoka Huaiji tuligawa maboksi ya chakula, yana soseji ya nguruwe, akanirudishia, akasema yeye Mwislamu. Nikampa mkate wa akiba yetu na maji. Wapo watatu niliowapa mkate. Nikaandika orodha, wakasaini, maana mkate wa akiba hautoki bila saini."

Nilimtazama Kuluthumu. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Ulisaini?" nikamnong'oneza.

"Nilisaini, kaka. Karatasi ilipita, nikasaini."

"Ni ya nini, uliuliza?"

"Sikuuliza."

Henriette akapiga goti lake. "Huyu mtoto! Atasaini hata cheti cha ndoa ya mwenzake!"

Bi Liang aliuliza orodha iko wapi. Wei akasema imo kwenye begi la mkuu wa treni, na orodha zote hukabidhiwa ofisini kila Ijumaa jioni. Yeye na mkuu wake walikuwa safarini tena, kwenye treni itakayofika Guangzhou Kusini saa tisa na dakika kumi.

"Mvua je?" nikauliza.

"Leo reli ni kavu," Wei akasema. "Tutafika kwa wakati."

Tulingoja saa tano nzima. Bi Liang hakutufukuza ofisini, akatuletea maji ya moto mara mbili. Kuluthumu alitafuta kona tulivu akaswali adhuhuri. Henriette alishika rozari yake kidogo, halafu akasinzia na mwiko mapajani, na kila abiria aliyeingia kutafuta mwavuli aliuangalia mwiko kwanza. Mimi nilitoa kalamu nikaandika kila hatua na muda wake: kutembea hadi dirishani dakika sita, karatasi dakika kumi, metro hadi chuoni dakika hamsini, kutoka metro hadi ofisi ya Mwalimu Ou dakika tisa kwa miguu. Hesabu ilikubali, ikibaki nafasi nyembamba.

Saa tisa na dakika kumi treni haikuonekana kwenye ubao. Saa tisa na dakika kumi na nne Kuluthumu alisimama. Saa tisa na dakika kumi na saba mlango ukafunguliwa. Akaingia msichana mwembamba wa sare ya zambarau, anahema, karatasi mkononi.

"Samahani," Wei akasema, "nimesubiri abiria wote washuke."

Akaiweka karatasi mezani. Mistari mitatu tu. Wa pili ulikuwa wa Kuluthumu: jina, namba ya pasipoti, behewa la saba kiti 12F, mkate mmoja, maji chupa moja, saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni, kati ya Guangning na Zhaoqing Mashariki. Chini, saini ya mkuu wa treni.

Kuluthumu hakujua amshikeje mkono. Mwishowe akamkumbatia, na Wei, aliyeonekana hakuzoea kukumbatiwa akiwa kazini, akampigapiga mgongoni. "Ulikula, sivyo?" akauliza.

"Nilikula wote."

Bi Liang aliacha ofisi yake kwa mwenzake akaja nasi mpaka dirishani. Bwana mwenye miwani alisoma orodha, akamwuliza Wei swali moja, akaandika. Kisha akatuambia jambo ambalo nililitarajia: ile nauli iliyorudishwa lazima ilipwe tena, maana safari haikuishia Huaiji. Nikalipa kabla hajamaliza sentensi. Sijawahi kulipa kitu kwa furaha namna ile.

Mashine ikatoa karatasi. Bwana akachukua muhuri, akaupumulia, akaugandamiza kwa mikono miwili, kisha akainua karatasi juu ya mwanga kuangalia kama duara limetimia. "Kimbieni," akasema.

Tulikimbia. Henriette alikimbia na mwiko begani, na watu wakatupisha njia. Kwenye metro tulisimama mlangoni muda wote ingawa viti vilikuwepo. Kuluthumu aliishika karatasi kwa ncha za vidole ili isipate jasho.

Mwalimu Ou alikuwa ameshafunga dirisha, mwavuli mkononi, anatafuta funguo. Ilikuwa bado dakika ishirini na mbili kabla ya saa kumi na moja, lakini Ijumaa ni Ijumaa kila mahali. Aliichukua karatasi, akaisoma yote, akageuza nyuma, akarudia mbele. Aliweka mwavuli chini, akafungua kabati, akaitia karatasi kwenye faili.

"Jumatatu, saa tatu asubuhi," akamwambia Kuluthumu. "Na kesho kutwa usiende Guiyang."

Kisha akautazama mwiko begani kwa Henriette, akaonekana anataka kuuliza, akaghairi.

Jumamosi Henriette alisonga bukari kwa Wakongo wenzake, akatualika na sisi, na mwiko ulifanya kazi yake. Jumatatu Kuluthumu alisimama mbele ya kamati. Anasema dakika kumi na tano zilipita kama tatu. Jina lake lilibandikwa Alhamisi pamoja na ya wengine waliopita.

Sasa ikabaki shukrani. Henriette alitaka kuwapelekea Wei na Bi Liang mkoba mmoja mmoja, ule wa ngozi kutoka Shiling. Nikamwambia hawataruhusiwa kupokea. Sheria ya kazi yao inakataza.

"Basi kwenu Chine munasema asante namna gani?" akaniuliza, kana kwamba na mimi ni Mchina.

Nikawaeleza. Hapa, mtu akitendewa jema na daktari, polisi au mfanyakazi wa stesheni, hushonesha bendera ya mahameli nyekundu yenye herufi za dhahabu na nyuzi za kuning'inia, akaipeleka mwenyewe, ikatundikwa ukutani. Nilikuwa nimeziona nyingi na kuzisoma, maana nilijifunza herufi nyingi kwenye bendera hizo. Sikuwahi kupeleka hata moja. Miaka tisa, na watu walionitendea mema ni wengi.

Tulikwenda Zhongda, kwenye soko la vitambaa, Henriette akachagua mahameli kwa kuipapasa na kuikataa mara nne. Mshonaji akauliza maneno. Wengi huandika maneno makubwa, ya milima na bahari. Kuluthumu akasema yeye anataka ya kweli tu. Tukaandika kwa Kichina: Kwa Wei na Bi Liang, waliotunza mkate, orodha na mwiko. Chini yake, kwa herufi ndogo za dhahabu, kwa Kiswahili: Asanteni, nimebaki.

Siku tuliyoipeleka, Bi Liang aliita wenzake wote. Bwana wa miwani alikuja na kikombe chake cha chai. Wei alikuwa mapumziko lakini alikuja hivyo hivyo, bila sare, na mara mbili aliuliza maneno ya chini hutamkwaje. Waliitundika mbele ya rafu ya miavuli. Nilisimama nyuma kidogo. Nilikuwa nimebeba kosa lile wiki mbili, na pale nikaona kwamba watu hawa watatu, wasionijua, walikuwa wamelibeba pamoja nami bila kuniuliza lilitoka wapi.

Kisha Bi Liang akatoa daftari jingine, jipya, lenye jalada jekundu, akalifungua mbele ya Kuluthumu na kumpa kalamu.

Kuluthumu akaishika. Akainama. Ncha ya kalamu ikakaribia kabisa kugusa karatasi, halafu ikasimama. Akainua uso.

"Bi Liang, samahani," akasema. "Hii orodha ni ya nini?"

Mimi na Henriette tulicheka kwa sauti hata abiria waliokuwa mlangoni wakageuka. Bi Liang hakuelewa kwa nini tunacheka, lakini alijibu kwa uangalifu, kama mtu anayejua kwamba swali ni la haki.

"Ni ya waliorudi kusema asante," akasema. "Mwezi huu uko peke yako."

Ndipo akaandika. Aliandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, na Lindi.